Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya mtu mmoja kwa simu, hapa hapa Dar

Naulizwa sana hili swali kwa hiyo ngoja niandike mara moja tumalizane. Huna kamera, huna taa za kushutia, una simu tu na unataka kutengeneza filamu ya dakika kama 7 kuhusu mtu mmoja wa kweli, unaanzaje? Sizungumzii Bongo muvi ya mke mwenza na mganga, hizo zina wenyewe na wanajua wanachofanya, nazungumzia mtu tu na kazi yake na maisha yake. Ya kwanza niliiharibu vibaya mno, ya pili ikatoka, na hiyo ya pili ndo nitaitolea mifano.

Mhusika. Wengi wanahangaika kutafuta mtu mwenye stori kubwa, sijui kapona ajali, sijui katapeliwa kiwanja. Tafuta mtu ambaye mikono yake ina kazi. Mtu aliyekaa kwenye kiti anaongea tu, dakika ya pili mtazamaji keshafungua WhatsApp, ila mtu anayefanya kazi hata akae kimya dakika nzima bado unamwangalia, unataka ujue lile bati linaishia kuwa nini. Mimi nilimpata mzee mmoja Gerezani anayetengeneza majiko ya mkaa, anakata bati, anakunja, anagonga, kutwa nzima.

Siku ya kwanza usitoe simu kabisa. Nilifika nikasema shikamoo mzee, akajibu marahaba, unataka jiko la saizi gani? Basi nikanunua jiko dogo ambalo wala sikulihitaji, nyumbani tunatumia gesi, mama mpaka leo ananicheka. Nikarudi kesho yake, nikakaa, nikarudi tena, siku ya tatu ndo nikamwambia shida yangu na yeye akauliza kile ambacho wote huuliza, "Sasa mimi nina nini cha kuonyesha, mwanangu?" Hapo usianze kumpamba eti yeye ni hazina ya taifa, mtu mzima anajua anapopakwa mafuta. Nilimwambia mzee nataka watu waone unavyokunja ile pembe bila kupima. Akacheka, akasema haya.

Mkikubaliana andikeni, karatasi moja tu ya Kiswahili, asome au asomewe na mtu anayemwamini, iseme filamu itaonyeshwa wapi, hata kama ni nje ya nchi. Na ya hela muongee mapema, kama haipo sema haipo. Ila ukimkalia mtu siku nzima anatengeneza majiko machache, hasara hiyo ni yako sio yake, mimi nilikuwa namfidia na chakula cha mchana juu yangu.

Vibali nitapita haraka. Kushuti filamu nchini kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, sheria yenyewe ni ya 1976, fuatilia mapema usisubiri wiki ya kushuti. Halafu nenda na serikali ya mtaa, ongea na mwenyekiti, ongea na majirani wa huyo fundi wako maana wao ndo watakaokuuliza kila saa unapiga picha za nini. Na usielekeze simu bandarini, kambini wala kituo cha polisi hata jua liwe linazama vizuri namna gani. Mimi nilishakalishwa kwenye benchi masaa matatu eti nimepiga picha geti la watu, wakati nilikuwa nashuti kunguru.

Sasa sauti, na hapa usiruke hata mstari. Ile filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya mama anayeuza vitumbua, picha nzuri kweli, ule moshi wa alfajiri, mafuta yanachemka, ila sauti niliiachia maiki ya simu ikiwa mita 2 kutoka kwake, kufika nyumbani nasikia bodaboda, redio ya jirani, daladala inaita abiria, na mama wa watu anasikika kama yuko ndani ya pipa. Hakuna programu ya kuokoa hiyo. Picha mbaya watu wanaweza kuivumilia, wakadhani ndo staili yako, sauti mbaya wanaondoka.

Dawa ni simu mbili. Azima simu yoyote ya zamani inayorekodi sauti, iweke kwenye hali ya ndege isiingize meseji, mtumbukizie mhusika mfuko wa shati, au kama una hela kidogo shuka Kariakoo ununue maiki ya kubana kwenye kola. Simu ya pili inashuti. Ukianza kila kipande piga kofi moja mbele ya kamera, wakati wa kuediti unalinganisha ule mlio na mikono inapokutana, sauti na picha vinakaa sawa. Zima feni. Adhana ikianza subiri iishe, usiombe mtu aongee juu yake, kwanza sio adabu na pili kwenye kuediti utakwama, maana huwezi kukata sentensi katikati bila adhana nayo kuruka. Na kabla hujaondoka sehemu yoyote rekodi dakika 1 hakuna anayeongea, sauti ya mahali tu, hiyo ndo gundi yako ya kuunganishia vipande. Halafu sogeza simu karibu urekodi kazi yenyewe, mkasi unavyokata bati, nyundo, jiko likitupwa juu ya lenzake.

Gerezani nyundo haziishi, kwa hiyo mahojiano sikuyafanya pale. Nilimfuata nyumbani kwake Mbagala Jumapili, tukaingia chumbani, nikaomba tusimamishe godoro ukutani na pazia tukalifunga, mwangwi wote ukafa. Mkewe alituona kama vichaa.

Kwenye kuuliza, achana na "unajisikiaje". Uliza vitu. Bati la kwanza ulikata wapi, nani alikufundisha, jiko la kwanza ulimuuzia nani. Mwombe aanze jibu kwa kurudia swali ili baadaye uweze kuikata sauti yako inayouliza. Na akimaliza kujibu usirukie swali lingine, nyamaza, hesabu mpaka tano moyoni. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya treni, alikuwa ameshamaliza kabisa, mimi kimya, yeye kimya, halafu akaanza kuhadithia alivyopanda treni Kigoma akiwa kijana na kushuka stesheni Dar bila kumjua mtu. Kuna akaunti zinafundisha uandike maswali hamsini, mimi nilikuwa na sita.

Picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo weka simu fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 kila sekunde, na shata, ule muda kila picha inapokea mwanga, iwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ukiacha 30 ambayo simu nyingi zinakuja nayo unaweza kukuta taa za tyubu zinapepesa kwenye video. Programu ya kamera ya simu nyingi haikuruhusu kubadilisha hayo, pakua Blackmagic Camera, ni ya bure, angalia tu kama simu yako inaikubali. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa jua linakuwa utosini na macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, shuti kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, ukilazimika mchana msogeze ukingoni mwa kibanda, kivulini lakini akiangalia nje. Mimi nilikuwa na bahati, bati jipya la mzee linarudisha mwanga kuliko kile kitambaa cha rangi ya fedha wanachouza cha kurudishia mwanga, nikamwomba kijana wake alishike. Futa lenzi kila mara, jasho la mkono tu linatosha kufanya picha iwe na ukungu. Shika kila shoti sekunde 10 bila kutembea: mikono, uso, kibanda kizima, na kile anachokiangalia yeye. Hicho cha mwisho kila mtu anakisahau.

Kuna vitu ambavyo huwezi kushuti maana vilishapita, kama ile treni. Watu wanaweka picha za kudownload, mimi nikachora. Msanii William Kentridge wa Afrika Kusini anachora kwa mkaa kwenye karatasi, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena palepale, anapiga tena, picha zikipangwa mfululizo mchoro unatembea, na yale madoa ya ulichofuta yanabaki kama mzimu nyuma ya mchoro. Nikaona hii ndo yenyewe, mzee ni wa majiko ya mkaa, nikaokota mkaa hapo hapo kibandani kwake.

Huhitaji picha 24 kwa sekunde kama sinema za kawaida, mimi niliweka 8, sekunde 40 za treni zikawa picha 320, kazi ya siku nne usiku. Funga simu iangalie chini juu ya meza, mimi niliifunga kwa raba kwenye stuli iliyowekwa juu ya meza, ikachungulia pembeni ya kiti. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe. Fanya usiku dirisha likiwa limefungwa, ukitumia mwanga wa mchana wingu likipita tu mchoro wote unapepesa. Taa moja, na iwe ya kuchaji, maana umeme ukikatika katikati ukarudi na taa nyingine utaona mruko. Feni hapana, inapeperusha vumbi la mkaa. Ni joto kweli, tone la jasho lilidondoka karatasini nikataka kulia, nikalisugua kwa kidole likawa moshi wa treni. Liko kwenye filamu mpaka leo.

Kuediti, anza na masikio. Sikiliza mahojiano yote, andika mistari mizuri kwenye daftari, ipange hiyo kwanza, ukipata stori kwa kusikiliza tu ndo utandike picha juu yake. Programu ya kuediti ya DaVinci Resolve ipo ya bure ila inataka kompyuta yenye nguvu, usipokuwa nayo CapCut ya simu itafanya kazi. Yangu ilianza na dakika 19, nikakata mpaka 7, na nilichokata sikikumbuki. Usiweke wimbo wa msanii mkubwa chini yake, haki miliki itakuumbua siku unataka kuipeleka mbali, mimi muziki wangu ni nyundo za Gerezani nilizozipanga.

Weka tafsiri ya Kiingereza kwa maandishi chini ya picha, halafu itafutie pa kuonyeshwa. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lipo tangu miaka ya 90 na linapokea filamu fupi, kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni nako huwa wanaonyesha filamu. Oscar wanaita fupi chochote kisichozidi dakika 40, ila ya dakika 7 ni rahisi kwa waandaaji kuipachika kwenye ratiba. Anza na matamasha yasiyotoza ada. Na usiitupe YouTube kwanza, kuna matamasha hayataki filamu ambayo tayari iko mtandaoni.

Ila kabla ya tamasha lolote, mhusika aione. Nilienda Gerezani jioni na projekta ya kuazima na shuka, mafundi wote wakakusanyika. Mzee akaangalia mpaka mwisho, treni ikapita, hakusema kitu. Nikamuuliza mzee vipi. Akasema, "Ile pembe ya kushoto nimeikunja vibaya, si ungeniambia turudie."