Jinsi ya kuandaa wito wa maonyesho ya sanaa kwenye jengo la kale

Juzi nilikaa na kijana aliyekabidhiwa kazi ya kualika wasanii walete mapendekezo ya maonyesho ndani ya jengo la kale hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Wito wake ulikuwa na kurasa kibao: dira, dhamira, malengo mahususi, jedwali la alama. Picha ya ukuta haikuwepo hata moja. Tuliufuta karibu wote tukaanza upya, na njia tuliyoifuata ndiyo hii. Mifano yangu mingi ni ya Ngome Kongwe kwa kuwa wengi wanaijua, lakini ukiwa Lamu, Bagamoyo au Fort Jesus mambo ni yaleyale.

Hatua ya 1: Vibali

Mwenye jengo kwanza, halafu mamlaka ya uhifadhi, halafu baraza la sanaa. Yote kwa maandishi. Twende.

Hatua ya 2: Mada

Mada iwe swali, na swali litoke kwenye jengo lenyewe. Ukiandika "Urithi Wetu" utaletewa jahazi na machweo, mlango wa nakshi, na Wamasai wembamba wenye mikuki. Sina ugomvi na picha hizo, zinasomesha watoto wa watu. Ila zinapatikana barazani kila siku bila wito wowote.

Itazame historia ya Ngome. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ndani yake mna mabaki ya kanisa la hao Wareno. Baadaye ikawa gereza, ikawa depo ya reli ya Bububu, na miaka ya 1940 ikawa klabu ya wanawake. Hapo swali linajitokeza lenyewe: "Nani amewahi kufungiwa ndani ya kuta hizi, na nani amefungiwa nje?" Lijaribu kwa watu wawili wa fani tofauti, tuseme fundi wa nakshi na mpiga picha. Wote wawili wakianza kukueleza kazi ambayo wangeifanya, umepata mada. Wakikuuliza "unamaanisha nini?", rudi mezani.

Hatua ya 3: Karatasi ya chumba

Kazi yenyewe iko hapa. Msanii hawezi kupendekeza onyesho la ukumbi asioujua, na kwenye jengo la kale ukuta ndio wenye amri. Shinda humo ndani na tepu ya kupimia, simu na daftari, uandike maelezo ya chumba yatakayoambatana na wito.

Anza na vipimo. Usitegemee ramani ya zamani. Kuta za mawe ya matumbawe hazinyooki, kwa hiyo pima juu na pima chini. Vyumba vya majumba ya Mji Mkongwe huwa virefu na vyembamba, upana kiasi cha mita 3, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti una kikomo chake. Maana yake mtazamaji hana pa kurudi nyuma aione vizuri picha kubwa. Liandike hilo waziwazi. Pima mlango pia, na kona ya ngazi, maana sanamu ya mpingo isiyopita mlangoni itaishia uani.

Ukuta wenyewe: hakuna msumari, hakuna drili, hata "kamoja tu kadogo". Plasta ya chokaa ni laini, na msumari wa chuma kwenye hewa ya chumvi hupata kutu, hufura, ukapasua pembeni. Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, jirani kabisa wa Ngome, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Baada ya hapo sitarajii mhifadhi yeyote akuchekee akikuona na drili mkononi. Selotepu nayo marufuku, huondoka na chokaa. Kisha gonga ukuta kwa vifundo vya vidole, taratibu, kutoka kona hadi kona. Ukisikia mlio kama wa debe tupu, plasta imeshaachia. Tia alama kwenye mchoro wako, na hapo pasiegemezwe kitu.

Unyevu unahitaji jicho. Inama utazame chini ya ukuta. Ule unga mweupe ni chumvi iliyopandishwa na maji ya ardhini. Mara nyingi palipozibwa kwa saruji ndipo pabaya zaidi: chokaa hupumua, saruji haipumui, maji yanakwama nyuma yake. Kazi za karatasi zisikaribie hapo kabisa. Hata kwenye ukuta mkavu, kila fremu iwekewe vibao vidogo nyuma ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaonekana kabla onyesho halijafungwa.

Kuhusu kutundika, mimi ni mtu wa stendi za mbao zinazojisimamia, kitako kikitiwa uzito wa mifuko ya mchanga. Wapo wanaopenda kuning'iniza kazi kwa mshipi wa kuvulia kutoka kwenye boriti. Inapendeza, sikatai, lakini boriti huweza kuonekana nzima kumbe mchwa wameshamaliza ndani, na upepo ukiingia dirishani picha zinageuka zinatazama ukuta. Ukilazimika, fundi akague kila boriti na zitundikwe kazi nyepesi za kitambaa tu.

Malizia na umeme: soketi ziko wapi, ngapi zinafanya kazi, na jua huingia saa ngapi likipiga ukuta upi. Piga picha ya kila ukuta, mtu akiwa amesimama mbele yake ili urefu ueleweke.

Hatua ya 4: Tarehe

Epuka masika, Machi hadi Mei. Februari uwanja wa Ngome huwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara, na katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF. Amua mapema kama unataka umati huo au unaukimbia. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana. Tarehe yako ikiangukia humo, fungua milango baada ya tarawehe.

Hatua ya 5: Andika wito

Ukurasa mmoja, ukiambatana na karatasi ya chumba. Mfano:

"Tunaalika wasanii wa fani zote wapendekeze onyesho kwa ajili ya chumba kilichoelezwa hapa. Swali letu: nani amewahi kufungiwa ndani ya kuta hizi, na nani amefungiwa nje? Tueleze utaonyesha nini, kitakaa wapi ndani ya chumba, na kitasimamaje bila kugusa ukuta. Ambatanisha picha tatu za kazi zako za awali. Tunalipa posho ya (taja kiasi), stendi na usafirishaji."

Taja pesa. Wito usiotaja pesa huwavuta wenye pesa zao tu.

Hatua ya 6: Kupokea

WhatsApp. Fomu za mtandaoni sizipendi: zinakatika katikati, zinadai akaunti, na fundi mzuri wa nakshi anaziacha njiani. Ruhusu ujumbe wa sauti, wewe ndiye uandike muhtasari kisha umrudishie athibitishe. Namba iwe ya kazi, si yako binafsi.

Hatua ya 7: Kuchagua

Watu watatu: msanii asiyeomba, mhifadhi, na mlinzi anayefungua mlango kila asubuhi. Mhifadhi akisema kitu kitaumiza ukuta, mjadala umeisha. Mlinzi atakwambia watalii husimama wapi na watoto wa madrasa hukimbilia wapi.

Hatua ya 8: Mkataba na majibu

Andikeni nani analipa nauli ya mzigo kwenye boti kutoka Dar, kazi ikiharibika itakuwaje, ikiuzwa kila upande unapata asilimia ngapi, na siku ya mwisho ya kuondoa vitu. Waliokosa wajibuni mmojammoja, na mtaje sababu. Kama sababu ni chumba, mwambieni ni ukuta upi. Wito ujao ataleta kitu kinachoingia.