SOMO: Kuvua trauti kwa nzi bandia kipindi cha joto, mito na maziwa ya milimani (soma yote ndo uulize)

Wakuu, naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena "nzi gani anashika trauti kipindi cha joto" niwe nabandika tu. Jibu fupi: nzi mdogo wa kahawia, yeyote (nzi hapa ni ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu). Jibu refu ni kwamba mnauliza kitu kisicho na shida. Kinachowakosesha samaki kipindi hiki ni maji kupata moto na mshipi kuburuta, na hayo mawili hakuna nzi wa kuyatibu.

1. Kibali. Kata. Soma na sheria za mto wenyewe, maana kuna mito ya nzi tu na kuna mingine inafungwa joto likizidi.

2. Vifaa. Fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa mshipi inaourusha), mshipi wa kuelea wa namba hiyohiyo, lida (uzi mwembamba unaofuata mshipi) ya futi 9, tipeti (kipande cha mwisho cha uzi, ndo kinafungwa nzi) 4X na 5X (namba ya X ikipanda uzi unakuwa mwembamba, 5X ni kama milimita 0.15). Miwani ya polaraidi, inakata mng'ao wa maji. Kipimajoto. Basi.

3. Ndoano. Ule mwiba wa nyuma ya ncha ubane na koleo hukohuko nyumbani.

4. Fundo. Lowesha na mate kabla ya kukaza.

5. PIMA MAJI. Trauti ni samaki wa baridi, anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi, yakifika 18 anaanza kuchoka na yakifika 20 unafunga mshipi unaenda kukaa kivulini, sitanii. Maji ya nyuzi 10 yanabeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba kama 9, na hapo ni usawa wa bahari, ukipanda mlimani inapungua zaidi. Sasa huyo samaki anahitaji hewa nyingi kuliko kawaida halafu wewe unamkimbiza dakika tano kwenye mshipi, unamwachia, anaondoka vizuri tu unafurahi, kumbe anaenda kufia mbele huko usikomwona. Pima kwenye kivuli, zamisha kipimajoto mpaka kiwiko, subiri dakika mbili. Na jioni isikudanganye, hewa imeshapoa ila maji bado yamebeba joto la mchana kutwa. Maji yanakuwa baridi kabisa alfajiri, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika.

6. Pa kusimama. Trauti anaangalia mkondo unakotoka, kwa hiyo mfuate kwa nyuma, kutokea chini ya mto. Inama. Kivuli chako kisimpite kichwani. Joto likipanda watafute kwenye maji yenye povu, chini ya maporomoko madogo na pale kijito cha baridi kinapoingilia, hewa iko huko.

7. MSHIPI USIBURUTE. Hapa ndo pa kusoma mara mbili. Mdudu wa kweli anashuka na kasi ya maji yaleyale yaliyombeba, siyo zaidi wala pungufu. Wewe mshipi wako umelala juu ya mikondo mitatu, wa katikati unakimbia, unavuta mshipi, mshipi unamvuta nzi, nzi anaanza kuchora mkia juu ya maji kama boti ya injini, na samaki akishaona hivyo anazama na anaweza asile tena muda mrefu. Dawa ni kusogea karibu, mita 6 mpaka 8 zinatosha, hizo mita 20 mnazorusha mnamrushia nani? Nyanyua fimbo mshipi usiguse ule mkondo wa katikati. Pale usipoweza, mshipi ukitua tu uupindue kuelekea juu ya mto kabla haujakaza. ANGALIZO: ukichelewa kuupindua unamvuta nzi wewe mwenyewe, yaani umefanya kilekile ulichokuwa unakikimbia. Angalizo la pili, usiingie majini mpaka umeshavua ukingo uliosimama, mara nyingi samaki yuko pale unapotaka kukanyaga.

8. Nzi. Haya, mnapopapenda. Kipindi cha joto upepo unaangusha panzi, sisimizi na mende majini, kwa hiyo nzi wa panzi juu, na chini yake funga nzi mdogo wa kuzama kwa tipeti ya sentimita 40 hadi 60. Panzi akizama au akisita, kaza mshipi ndoano imshike.

9. Ziwa. Huku samaki ndo anatembea, mara nyingi anazunguka ukingoni kwa njia ileile. Mtazame kwanza, halafu nzi atue mita mbili tatu mbele yake kabla hajafika. Jua likiwa kali anashuka chini kwenye baridi: rusha nzi wa kuzama, hesabu mpaka 10, vuta taratibu. Hamna kitu? Hesabu 20. Akigusa, hesabu hiyohiyo tena.

10. Kumtoa. Lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mshike kichwa kikiangalia mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

MASWALI

mshipi_mrefu: Mkuu somo zuri, sasa kwa ziwa nitumie nzi gani?

Mstari wa pili wa somo.

kaka_kokoto: Mi navuaga saa nane mchana na napata vizuri tu. Hiyo ya kipimajoto ni mbwembwe.

Inawezekana kabisa unapata, mto wa theluji au wa chemchemi unaweza kuwa nyuzi 12 saa nane mchana na hapo vua mpaka uchoke. Ila hujapima, kwa hiyo hujui, na mimi siwezi kubishana na mtu asiye na namba.

binti_wa_mto: Shikamoo mwalimu. Samaki anapanda, anamfuata nzi karibu nusu mita, pua inakaribia kugusa, halafu anageuka. Mara tatu samaki huyohuyo. Mshipi sioni ukiburuta.

Marahaba, hili ndo swali. Mshipi unaburuta ila kidogo sana, kiasi kwamba wewe ulipo huoni na yeye aliye karibu anaona. Ongeza tipeti sentimita 50, itue imejikunja kunja, ndo ulegevu wenyewe huo. Halafu hama mahali, hata hatua mbili kushuka, rusha kwa pembe nyingine. Akikataa tena shusha saizi, kama ni 14 weka 16 ya sisimizi (namba kubwa ndo ndoano ndogo). Na mpumzishe dakika kumi kabla ya kurudi, wengi wanaendelea kumpiga tu mpaka anahama. Tipeti ya nzi wa kuelea iwe nailoni, flurokaboni (aina nyingine ya uzi) inazama.

kaka_kokoto: Sasa si uweke 7X kabisa asione?

Hapana. Uzi mwembamba unakulazimisha kumchezesha muda mrefu ili usikatike, na kipindi cha joto huo muda ndo unaomuua. 5X, mlete haraka.

jiwe_telezi: Mimi nateleza sana kwenye mawe, soli za felti vipi?

Zinashika vizuri, ila zinakaa na unyevu na kubeba vijidudu na mwani toka mto mmoja kwenda mwingine. New Zealand walishazipiga marufuku tangu 2008 kwa ajili ya mwani wa didimo. Chukua mpira wenye vyuma, na fimbo ya kutembelea. Viatu safisha na vikauke kabisa kabla hujaenda mto mwingine.

binti_wa_mto: Na radi je? Huku juu mchana mawingu yanajaa ghafla.

Ukisikia ngurumo, toka majini, laza fimbo chini uachane nayo, ni kaboni na inapitisha umeme. Usikae chini ya mti uliosimama peke yake. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

mshipi_mrefu: Kwa hiyo panzi wa rangi gani?

Kahawia.