Somo: kutunza branchi za matoleo na tagi kwenye Git

Habari wakuu. Miradi mingi ya wazi inayotumia Git (programu ya kutunza historia ya kodi) naona kodi ni safi kabisa ila kila kitu kimerundikwa main, yaani tawi kuu, mtu kaweka programu kwenye seva yake hajui ana toleo gani na akileta bagi (hitilafu) nawe hujui uanzie wapi. Tuliweke sawa leo.

Kwanza, toleo likikaribia likatie branchi yake, yaani tawi la kodi linaloenda peke yake:

git switch -c release/2.4 main
git push -u origin release/2.4

Kuanzia hapo humo ni kurekebisha bagi tu, vitu vipya viendelee main. Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python) wanafanya hivihivi, utakuta stable/4.2.x, stable/5.2.x.

Pili, bagi irekebishe main kwanza ndo rekebisho ulinakili kwenye branchi ya toleo (a1b2c3d ni namba ya komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa):

git cherry-pick -x a1b2c3d

Hiyo -x usiiache, inaandika kwenye ujumbe kwamba komiti imetoka wapi. Ukirekebisha kwenye branchi ya toleo peke yake halafu main ukaisahau, bagi ileile inaibuka tena 2.5. Hata Linux wamekaza hapa, rekebisho haliingii matoleo ya stable mpaka liwe limeshaingia kwenye kodi kuu ya Linus Torvalds, mwanzilishi wake.

Tatu, tagi, yaani jina la toleo unalolibandika kwenye komiti moja:

git tag -a v2.4.0 -m "Toleo 2.4.0"
git push origin v2.4.0

Yenye -a inabeba jina lako, tarehe na ujumbe, isiyo nayo ni jina tupu na git describe (amri ya kuonyesha uko karibu na tagi gani) haiioni mpaka uongeze --tags. Na ule mstari wa pili ni lazima, git push ya kawaida haipeleki tagi, ndo maana mtu anasema katoa toleo na wenzake hawalioni. Namba ni hivi: bagi tu 2.4.1, kipya kisichovunja cha zamani 2.5.0, ukivunja 3.0.0.

MASWALI

Mdau: Mkuu nimeshapushi v1.2.0 afu nikakuta bagi, naweza kuifuta niiweke kwenye komiti nyingine?

Jibu: Hapana kaka, usiiguse. Walioivuta wanabaki na ile ya mwanzo, wakipiga git fetch --tags inagoma na "would clobber existing tag", kwa hiyo v1.2.0 zinakuwa mbili tofauti na hamtaelewana kwenye ripoti za bagi. Kama ni moduli ya lugha ya Go ndo mbaya zaidi, sum.golang.org (seva ya Go inayohifadhi alama za uhakiki za moduli) inakuwa ishaiwekea alama yake na watu wanapata kosa la checksum mismatch, yaani alama hazilingani. Toa v1.2.1, namba haziishi.

Mdau: Branchi ya zamani nisiyoihudumia tena niifute?

Jibu: Unaweza, alimradi toleo la mwisho lina tagi, komiti zake hazipotei. Watangazie watumiaji kwanza, kuna mtu bado anaitegemea.

Mdau: Mimi niko peke yangu, mradi mdogo, lazima branchi zote hizo?

Jibu: Si lazima dada, weka tagi palepale main. Siku mtu wa 2.4 akileta bagi na main ishafika mbali, branchi unaikata kutoka kwenye tagi yenyewe:

git switch -c release/2.4 v2.4.0