Kuomba ruzuku ya kampuni changa: makaratasi, bajeti na mikupuo

Maombi mengi ya ruzuku hukwama kabla mtu hajasoma wazo lenyewe. Jina la kwenye fomu halilingani na la akaunti ya benki, hati ya usajili haipo, au mwombaji ameomba fedha za hatua ambayo hajaifikia. Haya yote yanarekebishika, lakini si ndani ya wiki ya mwisho. Jipe miezi mitatu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Anza na makaratasi. Kwa Tanzania Bara, mlolongo ni kitambulisho cha NIDA, usajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa njia ya mtandao, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni, kisha akaunti ya benki kwa jina la biashara. Zanzibar usajili ni kwa wakala wa huko, BPRA. Kenya unapitia tovuti ya serikali ya eCitizen na kuchukua PIN ya mamlaka ya mapato, KRA. Angalia herufi moja moja. Ukiwa "Mohamed" NIDA na "Mohammed" benki, rekebisha sasa, maana mfadhili akituma dola na jina likapishana, fedha hurudi zilikotoka na makato juu yake.

Jina la biashara si kampuni. Jina la biashara halina nafsi yake kisheria, na wafadhili wengi wakubwa husaini mkataba na kampuni tu. Lakini usikimbilie kusajili kampuni kama bado una wazo bila mteja: itakudai ritani (taarifa) za kila mwaka BRELA na hesabu TRA hata kama hujauza kitu.

Mkiwa waanzilishi wawili au zaidi, andikianeni mgawanyo wa hisa mapema. Utaratibu uliozoeleka ni kila mmoja kuzipata hisa zake kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha haondoki na kitu. Bila karatasi hiyo, mwenzenu anaweza kuacha kazi mwezi wa nne akabaki na theluthi ya kampuni, na jopo lolote makini la kuchambua maombi litauliza kwa nini.

Sasa chagua programu inayolingana na hatua yako. Mwenye wazo au biashara changa aangalie Tony Elumelu Foundation. Programu yake ilianza 2015, iko wazi kwa nchi zote za Afrika, inatoa mafunzo na dola 5,000 zisizorudishwa, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa 1 Januari. Mwenye bidhaa inayofanya kazi, kampuni iliyosajiliwa na utayari wa kuachia msimbo wake kama programu huria (yaani yeyote anaweza kuusoma na kuutumia), mfuko wa ubunifu wa UNICEF hutoa hadi dola 100,000 bila kuchukua hisa. Sharti la programu huria ni la kweli. Kama biashara yako inategemea kuficha msimbo, usipoteze muda huko. Kwa Tanzania kuna Funguo, programu ya ubunifu chini ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa), kituo atamizi (cha kulea biashara changa) cha Buni pale COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kijitonyama, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU yaliyoanza 2019.

Programu ikitaka hisa, hiyo si ruzuku, ni uwekezaji. Piga hesabu: shilingi milioni 30 kwa asilimia 7 maana yake kampuni imethaminiwa kama milioni 428. Kisha uliza kiasi gani kati ya hizo 30 ni fedha taslimu. Wengine huhesabu salio la seva, dawati la ofisi na ada ya mafunzo kama sehemu ya fedha. Na popote unapoombwa kulipia fomu au "kufungulia" ruzuku, acha hapo hapo.

Kwenye andiko, tatizo lielezwe kwa ulichokihesabu mwenyewe. Tuchukue mfano wa vijana wenye mfumo wa kuwakumbusha wafugaji ratiba ya chanjo ya kuku kwa ujumbe mfupi. "Wafugaji wengi hupoteza kuku kwa kukosa elimu" ni sentensi ambayo msomaji ameshaiona mara mia. Andika hivi: "Kati ya wafugaji 40 tuliowatembelea, 31 hawakurudia chanjo ya mdondo baada ya miezi mitatu, na 22 kati yao walisema walisahau tarehe." Siku tatu za kuzunguka vijijini na daftari zinatosha kupata sentensi kama hiyo. Nayo inakuonyesha kama suluhisho lako ni sahihi: wangesema chanjo haipatikani, ujumbe wa kuwakumbusha usingewasaidia kitu.

Bajeti ndiyo sehemu inayosomwa kwa ukali zaidi. Kila mstari uwe na idadi, bei na muda. "Mawasiliano: 1,000,000" haieleweki. "Wafugaji 600 × ujumbe 4 kwa mwezi × miezi 6 = ujumbe 14,400 × shilingi 25 = 360,000" inaeleweka, na ambatisha nukuu ya bei ya mtoa huduma. Soma pia kama mfadhili analipa mishahara ya waanzilishi. Wengine hawalipi, wengine huweka kikomo. Kama hujasajiliwa kwenye VAT, bei zako ziwe na VAT ndani, kwa sababu hutarudishiwa.

Kisha kuna mikupuo, yaani awamu za kutolewa kwa fedha, na hapa ndipo kampuni nzuri hukwama. Ruzuku ya milioni 24 inayotolewa kwa 40, 40 na 20 kwa mia itakupa milioni 9.6, kisha 9.6, na milioni 4.8 za mwisho zinakuja baada ya ripoti kupitishwa. Maana yake kazi ya mwisho unaifanya kwa fedha zako. Panga ununuzi mkubwa kwenye mkupuo wa kwanza, na uwe na akiba ya miezi miwili nje ya ruzuku, kwa kuwa ripoti hurudishwa kwa marekebisho na malipo husogea.

Ukimlipa fundi wa programu mkaazi wa Tanzania kwa huduma, kata kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo yake) ya asilimia 5 na uiwasilishe TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukisahau, utailipa mfukoni mwako, kwani ruzuku hailipi faini. Kila ununuzi udai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye TIN ya kampuni. Karatasi yake huharibika kwa joto na mwanga. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, baada ya muda haisomeki. Ipige picha siku hiyo hiyo. Bodaboda na mama lishe hawana EFD, kwa hiyo waandalie hati ya malipo yenye jina, namba ya simu na sahihi, na uwalipe kwa simu ili muamala ubaki.

Mafunzo nayo usiyachukulie kama kero ya kuvumilia ili ufike kwenye fedha. Kwa Tony Elumelu huwezi kufika kwenye dola 5,000 bila kuyamaliza na kuwasilisha mchanganuo wa biashara. Kwa mshauri nenda na namba tatu: gharama ya kumpata mteja mmoja, matumizi ya mwezi, na miezi iliyobaki kabla fedha hazijaisha. Bila hizo atakupa hamasa tu. Siku ya kuwasilisha mbele ya jopo, rekodi video ya bidhaa ikifanya kazi na uiweke kwenye simu, maana intaneti ya ukumbini haina dhamana.

Ukishapata fedha, usihamishe shilingi kutoka mstari mmoja kwenda mwingine kimya kimya. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha sehemu ndogo tu bila kibali. Bei ya vifaa ikipanda, andika barua pepe ya mistari mitatu kabla ya kununua: mstari upi unapungua, upi unaongezeka, na kwa nini. Subiri jibu la maandishi, kisha lihifadhi kwenye faili moja na risiti.