Somo: Silabi, hesabu na sayansi kwa ndoo, bamia na maigizo (darasa la awali)

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Nafundisha darasa la awali hapa Moshi, watoto 48 kwenye chumba kimoja. Nitaeleza somo la siku tatu ninalolirudia kila mwaka. Nawaomba sana msiifanye sanaa kuwa zawadi ya Ijumaa baada ya "masomo yenyewe" kwisha. Hesabu na kusoma viko humohumo ndani ya ngoma na rangi.

Vifaa

Ndoo mbili za plastiki za lita 10. Karatasi zilizotumika upande mmoja. Maduka ya fotokopi huwa wanazitupa. Maharage machache. Bamia zilizokomaa mpaka zikawa ngumu, zile ambazo akina mama wa soko la Mbuyuni hukupa kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayezipika.

Rangi tunatengeneza wenyewe: bizari ya manjano, mkaa uliotwangwa, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kipande cha chandarua. Kila kimoja changanya na uji mzito wa unga wa ngano ili kishike karatasi. Majani ya mchicha nimeyajaribu: asubuhi kijani kinapendeza, kesho yake kimekuwa kahawia. Ila fanya hivi mbele ya watoto: dondoshea maji ya magadi kwenye manjano. Rangi inageuka nyekundu papo hapo, na hapo utaulizwa maswali ya sayansi mpaka kengele ya uji. Magadi ashike mwalimu mwenyewe, yanawasha macho. Na manjano hayatoki kwenye shati la shule, kwa hiyo omba wazazi mashati makuukuu, mtoto avae mbele nyuma.

Siku ya kwanza: ndoo na silabi

Geuza ndoo, kaeni mduara. Anza na jina la mtoto mmoja, kila silabi pigo moja: Ne-e-ma, matatu. Ba-ra-ka, matatu. Zunguka mpaka kila mtoto amepigiwa jina lake. Kisha ingia kwenye vitu wanavyovijua: ka-ha-wa, ndi-zi, ma-ha-ra-ge. Usiandike chochote ubaoni bado. Mikono ikishazoea, waulize: "Neno gani lina mapigo manne?" Hapo umefundisha silabi na kuhesabu kwa pamoja.

Wakati wa masika mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Tunaacha ndoo, tunapiga magoti kwa viganja, na somo linaendelea.

Siku ya pili: bamia

Kata bamia katikati kwa upana, si kwa urefu, chovya kwenye rangi, gandamiza. Inatoka nyota. Bamia nyingi zina pembe tano, na ndiyo maana naitumia kufundisha namba 5. Mwaka jana mtoto mmoja alinishika sketi akaniambia, "Mwalimu, yangu ni sita." Nikamwambia ahesabu tena. Akaweka kidole kwenye kila pembe, polepole, rangi imemjaa mpaka kwenye kucha. Sita kweli! Tulisimamisha darasa, kila mmoja akahesabu ya kwake, tukazipanga sakafuni: za tano huku, za sita kule. Andalio langu la somo halikuwa na kuainisha siku ile, lakini tuliainisha.

Usichore mfano ubaoni. Ukichora, utapata picha 48 zinazofanana, na hutajua nani ameelewa. Mtoto akimaliza, muulize ni nini, kisha andika maneno yake chini ya picha kama alivyoyasema.

Siku ya tatu: maigizo ya mbegu

Loweka maharage usiku kucha, wayabandue wenyewe waone kimche ndani. Kisha wanakuwa mbegu: wamejikunja sakafuni, kundi moja linapiga mvua kwenye ndoo, mzizi (mguu) unatoka kwanza, halafu shina, halafu majani, yaani mikono. Ule mpangilio ndio somo. Anayenyoosha mikono kabla ya mguu, wenzake watamrekebisha kabla yako.

Maswali ya walimu na wazazi

Mwalimu wa Njiro, Arusha: Shikamoo mwalimu. Mimi nina watoto 70. Rangi nitaiwezaje?

Marahaba mwanangu. Usiwape rangi wote. Kundi la watoto kumi linapiga chapa, wengine wako nje na vijiti na mawe wakipanga nyota chini. Chukua siku mbili au tatu, haidhuru.

Mzazi, Pasua: Mwanangu anarudi daftari tupu. Ada nalipa ya kuchezea bamia?

Dada, nakuelewa, na ni haki yako kuuliza. Vidole vinavyobana bamia ndivyo vitakavyoshika penseli. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, aliiweka michezo, nyimbo na kazi za mikono katikati ya kujifunza, si pembeni. Mwombe mwalimu picha za mtoto, usome maneno yaliyoandikwa chini yake.

Mwalimu mpya, Himo: "Mbuzi" ni mapigo mawili au matatu? Watoto wangu wamegawanyika.

Swali zuri sana. Mbu-zi, mawili. Lakini m-to-to ni matatu, kwa sababu ile "m" inasimama peke yake. Wingi wake unaiondoa kabisa, watoto. Na mbu yule anayeuma ni m-bu, mawili, kama n-chi na n-ne. Usiwape kanuni, waache wapige ndoo. Masikio yao yanajua Kiswahili kabla ya daftari.

Baba, Majengo: Wangu ana haya, anakataa kuigiza. Nimlazimishe?

Hapana, kaka. Mpe ndoo awe mvua. Nilikuwa na mmoja hivyo, alipiga mvua wiki mbili bila kusema neno. Wiki ya tatu alimkabidhi mwenzake ndoo, akaenda kujikunja katikati ya mbegu nyingine.