Umetoa rejeta moja, nyumba nzima imepoa: tafuta tatizo kwa mpangilio huu

Huku Uingereza simu za watu ambao nyumba zao zimepoa huanza vuli inapoingia. Mtu alitoa rejeta (kile chuma kinachopitisha maji ya moto ili kupasha chumba joto) ukutani wakati wa kiangazi ili apake rangi au apate nafasi ya kabati, akaziba mabomba, akasahau. Mwezi wa kumi anawasha boila, mtambo unaopasha maji hayo, na vyumba vya juu havipati joto, au boila inawaka na kuzima, au haiwaki kabisa. Wengi hapo huanza kuulizia bei ya boila mpya. Ngoja kwanza. Mara nyingi boila haina kosa lolote. Ulipotoa ile rejeta ulipunguza maji, ukaingiza hewa na ukabadilisha njia ambayo maji hupita. Basi kagua kwa mpangilio huohuo: maji, hewa, njia.

Mabomba, koki na rejeta unaweza kuvishughulikia mwenyewe kama nyumba ni yako. Mpangaji amuulize mwenye nyumba kwanza. Lakini usifungue kifuniko cha boila ya gesi. Kisheria kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na una haki ya kumwomba kitambulisho. Kigeuze usome nyuma, ndipo panapoandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.

Hatua ya 1: Soma geji

Zima boila, subiri mfumo upoe, kisha tazama geji ya presha. Mfumo uliofungwa, yaani usio na tangi darini, unatakiwa uwe kati ya 1 na 1.5 bar (kipimo cha presha) ukiwa baridi. Ikishuka mno chini ya hapo, boila nyingi hujizuia kuwaka. Boila za Vaillant, kwa mfano, huonyesha alama ya kosa F.22. Ongeza maji polepole kwa mpira wa kujazia ulio chini ya boila, kisha funga koki zake zote. Ukisahau kuzifunga presha itapanda hadi 3 bar, koki ya usalama itafunguka na maji yatamwagika nje ya ukuta.

Kama una tangi dogo darini, panda ukalitazame. Mfumo ukishamwagwa maji, boya la tangi lililokaa miaka bila kusogea linaweza kukwama juu, na tangi likabaki kavu. Lisukume kwa mkono mpaka maji yaingie.

Hatua ya 2: Kagua ulipoziba

Futa mabomba mawili yaliyobaki kwa karatasi kavu ya chooni. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Hapa kuna kosa ambalo limeharibu sakafu za watu wengi. Koki yenye kichwa cha namba, ile inayojirekebisha kwa joto la chumba, siyo kizibo. Hata ukiirudisha kwenye alama ya theluji, nyingi hufunguka zenyewe joto la chumba likishuka karibu nyuzijoto 7, maana ziliundwa kuzuia maji yasigande. Usiku wa baridi kali inafunguka, na mbele yake hakuna rejeta. Kwa hiyo kila mdomo wa koki ufungwe kwa kifuniko cha shaba chenye nyuzi za skrubu, kilichokazwa kwa spana. Usitegemee koki peke yake.

Presha ikiendelea kushuka na vifuniko ni vikavu, nenda nje ukatazame bomba dogo la shaba linalotoka upande wa boila. Likidondosha, koki ya usalama imeshikwa na uchafu. Na kama presha hupaa karibu na 3 mfumo ukipata moto, kisha huanguka karibu na sifuri ukipoa, tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa moto, limepoteza upepo wake. Hapo mwite fundi.

Hatua ya 3: Toa hewa

Boila na pampu viwe vimezimwa. Anza rejeta za chini, malizia za juu. Shika kitambaa, fungua skrubu ya juu kwa ufunguo wake robo mzunguko, sikiliza hewa ikitoka, funga maji yanapoanza kutoka bila kukatika. Rudi kwenye geji, kwa kuwa presha itakuwa imeshuka tena.

Rejeta moja ikikataa kupata moto, funga nyingine zote na uiache hiyo peke yake, kisha washa boila. Nguvu yote ya pampu ikielekea njia moja, hewa iliyoziba husukumwa. Isipofanya kazi, vua kile kichwa cha namba utazame kijiti kilicho chini yake. Kikiwa kimezama na hakirudi juu, kimekwama. Kigonge taratibu ubavuni, usikivute kwa koleo.

Hatua ya 4: Chunguza njia ya maji

Kama hatua zilizopita hazikusaidia, tatizo liko hapa, na ndiyo hatua inayotaka kufikiri zaidi.

Je, mabomba mawili ya ile rejeta yaliunganishwa pamoja? Wako wanaodhani ni lazima "kuendeleza mzunguko". Kwenye nyumba nyingi kuna bomba la kupeleka na bomba la kurudisha, na kila rejeta ni daraja kati ya hayo mawili. Ukiyaunganisha moja kwa moja, maji huchukua njia hiyo fupi isiyo na kizuizi, yakarudi kwenye boila yakiwa bado moto, na rejeta za mbali zikakosa. Yatenganishe, uzibe kila moja peke yake. Kuunganisha kunafaa tu pale mtu aliyejenga zamani alipopitisha maji ndani ya rejeta moja kwenda nyingine. Utaijua kwa sababu baada ya kuziba, rejeta zote za mbele yake hupoa kabisa.

Je, uliyoitoa ndiyo iliyokuwa haina kichwa cha namba? Kwa kawaida huwa bafuni au koridoni, na iliachwa wazi makusudi ili maji yapate pa kupita nyingine zikijifunga. Bila hiyo pampu ni kama inasukuma ukuta, maji hayana pa kupita: utasikia mluzi kwenye mabomba, na boila huwaka na kuzima kila baada ya muda mfupi. Kwa haraka, vua kichwa cha namba kwenye rejeta nyingine ili ibaki wazi daima. Dawa ya kudumu ni fundi afunge koki ya kupitishia maji kati ya bomba la kupeleka na la kurudisha.

Je, themostati ya ukutani, kifaa kinachopima joto la chumba na kuwasha au kuzima boila, iko katika chumba ulichotoa rejeta? Basi inasoma baridi muda wote, boila haipumziki, na vyumba vya kulala vinageuka tanuri. Ihamishe. Zile zisizo na waya huhamishwa kwa dakika chache.

Hatua ya 5: Gawa moto upya

Fungua zote, washa, ona ipi inawahi kupata moto. Kwenye hiyo, punguza koki ya upande wa pili, ile yenye kofia ya plastiki, karibu mpaka ifunge. Za mbali ziache wazi. Subiri dakika 20 kila unapogusa kitu. Mwenye haraka huzunguka nyumba siku nzima bila kufika.

Hatua ya 6: Rudisha dawa ya kutu

Ulipomwaga maji ulimwaga pia dawa ya kuzuia kutu iliyokuwamo. Maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni hula chuma. Maji meusi wakati wa kutoa hewa ni dalili kwamba kutu imeshaanza. Ukilazimika kutoa hewa kila wiki, huenda siyo hewa bali hidrojeni inayozaliwa na kutu hiyo, kwa hiyo usisogeze kiberiti. Soma kwenye chupa ya dawa inatosha lita ngapi, uiingize kupitia kichujio cha sumaku kilicho karibu na boila, kisha uandike tarehe kwenye karatasi uibandike hapohapo kwenye bomba.