Namna ya kukadiria ukubwa wa kilebu chotara, ukianzia menoni

Mwaka juzi mwalimu mstaafu tunayepakana viwanja hapa Arusha aliletewa na mjukuu wake kilebu jike mwenye rangi ya udongo, na fundi alipofika kuchukua vipimo vya banda akamuuliza mlango uwe na upana gani. Mwalimu hakuwa na jibu, akaniita uani. Mimi hufuga na kufunza mbwa wa ulinzi, na swali hilo hunifikia karibu kila mwezi, lakini safari hii nilikataa kujibu siku ile ile. Nilimwomba Mwalimu amrudishe fundi nyumbani na tusubiri meno ya mbwa. Alinitazama kama mtu aliyeomba ushauri akapewa kitendawili, akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye mwenye mbwa."

Nilikuwa na sababu. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilinunua kilebu dume kando ya barabara kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ana wiki nane na kwamba baba yake ni German Shepherd. Mizani ilionyesha kilo 7. Nilitumia kanuni inayosambazwa sana, ya kugawanya uzito kwa idadi ya wiki na kuzidisha kwa 52, nikapata kilo 45 na ushee, nikajenga banda la mbwa wa kilo 45 na kununua mnyororo unaofaa ndama. Mbwa huyo alikomea kilo 24. Alipoanza kudondosha meno mwezi mmoja tu baada ya kumnunua ndipo nilipoelewa kwamba siku niliyomchukua alikuwa na wiki 12, wala si nane. Kwa umri huo wa kweli, kanuni ile ile ingenipa kilo 30. Wiki nne za uongo zilikuwa zimeniongezea kilo 15 za mbwa asiyekuwepo.

Hatua ya kwanza: mtazame mama

Ukiweza, nenda ukamwone mama mwenyewe akiwa amesimama, umpime au umkadirie. Mama aliyetoka kunyonyesha huwa amekonda, hivyo ongeza kidogo. Baba unayetajiwa mpokee kwa tahadhari, maana jike akiwa kwenye joto huweza kupandwa na madume kadhaa kwa siku chache, na vilebu wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Ndiyo maana mara nyingi hukuta mmoja mwenye miguu mirefu kati ya ndugu wafupi. Mbwa wa kienyeji niliowapima mimi huwa kati ya kilo 13 na 20. German Shepherd jike kwa viwango vinavyokubalika kimataifa huwa na kilo 22 hadi 32, na dume kilo 30 hadi 40. Chukua wastani wa wazazi wawili, uuandike pembeni, kisha usiutegemee mpaka hatua ya nne.

Hatua ya pili: upate umri wa kweli

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu wanapopita mbio. Kosa la hesabu hukugharimu kilo moja au mbili, lakini kosa la umri hukugharimu mbwa mzima, kwa sababu katika miezi minne ya mwanzo kilebu hubadilika kila wiki.

Anza kwa kumhoji aliyekuwa na mama yake, ila usimuulize kilebu ana umri gani. Kwa muuzaji, jibu la swali hilo ni "miezi miwili" siku zote, kwa kuwa ndio umri ambao wanunuzi wanautaka. Muulize mama alizaa kabla au baada ya Idi, mvua zilikuwa zimeanza au bado, watoto walikuwa shuleni au likizo. Muulize pia kama anakumbuka macho yalifumbuka lini, kwani vilebu hufumbua macho kati ya siku ya 10 na ya 14, na watoto wa nyumbani hulikumbuka jambo hilo vizuri kuliko wazazi wao. Kwa njia hii nimewahi kupata tarehe iliyokosea kwa siku tatu tu, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameapa kwamba hajui kitu.

Kisha fungua mdomo. Kilebu huzaliwa kibogoyo. Meno ya utoto huanza kuchomoza katika wiki ya tatu au ya nne, chonge na meno ya mbele yakitangulia na ya pembeni yakifuata, na kufikia wiki ya nane kwa kawaida yote 28 yamekwisha kutoka. Kwa hiyo ukikuta mapengo ambayo meno hayajachomoza bado, na ufizi ukiwa mzima usio na kidonda, unaye kilebu aliye chini ya wiki nane, na hakupaswa kutengwa na mama yake mapema hivyo.

Tatizo ni kipindi kinachofuata. Tangu wiki ya nane hadi karibu wiki ya 14 kinywa hakisemi lolote la maana: meno 28 yapo, meupe, makali kama sindano, na kilebu wa wiki tisa hutofautiana kidogo mno na wa wiki 13. Wapo wanaotazama nafasi kati ya meno ya mbele, wakisema kwamba taya linapokua meno hutengana. Ni kweli hutengana, na mimi hutazama pia, lakini dalili hiyo ni dhaifu sana kwa chotara, kwa kuwa urefu wa taya wenyewe ni sehemu ya kile unachojaribu kukibashiri. Kwa bahati mbaya kipindi hiki cha ukimya ndicho ambacho vilebu wengi huuzwa, na ndicho kilichonidanganya mimi.

Dawa yake ni kungoja. Meno mawili ya mbele ya katikati ndiyo hudondoka kwanza, kwa mbwa wengi karibu na wiki ya 16, na mahali pake hutokea meno mapana yenye kingo za mawimbi. Mtazame kilebu kila baada ya siku mbili kuanzia unapodhani amefikisha miezi mitatu, na siku utakapoona pengo la katikati au jino jipya linachungulia, andika tarehe hiyo na uihesabu kuwa wiki ya 16. Usitegemee kuliokota jino lenyewe, kwa sababu mara nyingi humezwa pamoja na ugali. Zingatia mambo matatu. Kwanza, mbwa wa mbegu ndogo huchelewa kidogo kubadilisha meno na wa mbegu kubwa huwahi, hivyo acha nafasi ya wiki mbili kila upande. Pili, jino linaweza kung'olewa na mfupa au na mchezo wa kuvutana kamba. Pengo la upande mmoja lenye damu halihesabiki, subiri la pili. Tatu, ukimpata mbwa akiwa tayari na chonge mpya, amekwisha kupita miezi mitano, na akiwa na meno yote 42 amefikisha miezi sita au saba, au zaidi, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Kilebu wa Mwalimu alisemekana kuwa na miezi miwili alipoletwa. Pengo lilionekana baada ya wiki tano.

Hatua ya tatu: mpime

Mpe dawa ya minyoo kwanza, kwa kipimo atakachokupa daktari wa mifugo, kisha subiri wiki mbili. Tumbo la kilebu mwenye minyoo hudanganya mizani na hudanganya jicho.

Mimi sipendi mizani ya bafuni, ile ambayo watu huipanda wakiwa wamembeba mbwa na kutoa uzito wao wenyewe. Nyingi hukosea kwa nusu kilo, na kwa mnyama wa kilo 9 nusu kilo si jambo dogo. Tumia mizani ya kuning'iniza wanayotumia wachuuzi sokoni: mweke kilebu ndani ya kikapu, kipime kikapu peke yake baadaye, utoe. Mpime asubuhi kabla hajala.

Hatua ya nne: hesabu

Kanuni ya kugawanya kwa wiki na kuzidisha kwa 52 iache. Inachukulia kwamba mbwa hukua kwa mwendo ule ule tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka, ilhali ukuaji huwa wa kasi mwanzoni na hupungua baadaye, na mbwa mdogo hupunguza kasi mapema kuliko mkubwa. Mbwa mdogo huweza kumaliza kukua akiwa na miezi tisa au kumi, wa kati akiwa na mwaka mmoja, na wale majitu huendelea hadi mwaka na nusu au miwili. Ndiyo maana kanuni hiyo huwakaribia mbwa wakubwa mno na kuwakuza wengine wote kupita kiasi.

Ninachofanya ni kuchukua uzito wa wiki ya 16 na kuuzidisha kwa 2 ikiwa wastani wa wazazi uko chini ya kilo 10, kwa 2.2 ukiwa kati ya kilo 15 na 28, na kwa 2.5 ukikaribia kilo 35 au 40. Kwa wale walio katikati ya makundi, tumia namba ya katikati. Kilebu wa Mwalimu alikuwa na kilo 9.2, mara 2.2 ni kilo 20 na kidogo. Nilimtajia kilo 18 hadi 23, kwa sababu makadirio ya chotara yasiyo na nafasi ya angalau asilimia 10 kila upande ni ubashiri wa mganga. Kanuni ya 52 ingempa karibu kilo 30.

Ziko pia chati za ukuaji zilizotolewa mwaka 2017 na taasisi ya WALTHAM ya Uingereza, zilizopangwa kwa jinsia na kwa uzito wa ukubwani hadi kilo 40, zikianzia wiki ya 12. Ni nzuri sana kwa kufuatilia kama mbwa anakua sawasawa, lakini ili uchague chati inakubidi uwe umekwisha kukadiria atafikia kilo ngapi, kwa hiyo hazikuondolei hatua hii.

Kuhusu nyayo kubwa na ngozi iliyolegea, sizihesabu. Vipimo vya vinasaba kama Embark na Wisdom Panel, vinavyofanywa kwa mate na kuuzwa Marekani, hutoa makadirio ya uzito na vina maana kwa chotara wa mbegu zinazojulikana. Ni kweli kwamba ukubwa wa mbwa umo katika vinasaba. Kile kiitwacho IGF1, ambacho kazi yake katika ukubwa wa mbwa ilitambuliwa mwaka 2007, peke yake huchangia sehemu kubwa ya tofauti kati ya mbwa mdogo na mkubwa. Hata hivyo, kabla hujaagiza kipimo kumbuka kwamba mbwa wetu wa kienyeji si mchanganyiko wa mbegu za Ulaya bali ni jamii ya mbwa inayojitegemea, na mama aliyesimama mbele yako atakueleza mengi bila malipo.

Hatua ya tano: sahihisha

Mpime tena akiwa na miezi sita. Kwa mbwa wa ukubwa wa kati zidisha uzito huo kwa 1.5, jibu hili likitofautiana na la kwanza, liamini hili. Yule jike alikuwa na kilo 14.5, yaani karibu kilo 22.

Usijaribu kuyasukuma makadirio kwa chakula. Kulisha kupita kiasi huharakisha ukuaji na kuongeza mafuta, hakurefushi mifupa kuliko ilivyoandikiwa, na kwa chotara wa mbegu kubwa huumiza viungo vya nyonga. Utapiamlo na minyoo, kwa upande mwingine, huweza kumfanya asifikie kimo chake. Kumhasi kabla hajapevuka huchelewesha mifupa kufunga, hivyo miguu huweza kurefuka kidogo. Ukipanga kufanya hivyo, ongeza sentimita chache kwenye mlango.

Fundi aliitwa tena mbwa alipotimiza miezi minane. Tulipima kimo cha begani, tukaongeza upana wa kiganja, na mlango ukakatwa kwa kipimo hicho. Alipotimiza mwaka mizani ilionyesha kilo 21.5, na anaingia bila kuinama.